Kochi Lisilotoka Mlangoni

Mgane alirudi kwao mwanzoni mwa likizo ya mwisho wa mwaka, ndani ya gari jeusi lenye vioo vyeusi, na kabla hata dereva hajazima injini watu walikuwa wameshajipanga kumpa pole.

Usiwacheke. Mgane ni mwanamume aliyefiwa na mke, na huyu alifiwa na watatu, wote mbele ya nchi nzima, Ijumaa baada ya taarifa ya habari. Ilikuwa tamthilia tu, na kila mtu alijua ni tamthilia, lakini kujua ni kitu kimoja na kulia ni kingine. Na yule bwana alikuwa analia! Hakuwa na makelele. Chozi lilichungulia kwenye kona ya jicho la kushoto, likasita, likatafakari, kisha likashuka, na mitaa mizima ikashuka nalo. Alipomlilia mke wa kwanza, mzee mmoja aliyeapa kutosemezana na mkewe mpaka kiama alimwomba radhi kabla ya tangazo la sabuni. Alipomlilia wa pili, mwizi aliyekuwa akichungulia dirishani, akingoja wenye nyumba wazubae, alijikuta anapiga kwikwi kwa sauti. Wakamfungulia, wakamkalisha, na alipoondoka hakuondoka na kitu ila leso. Jina alilopewa na wazazi wake likafutika. Akabaki Mgane.

Mtu mmoja tu mtaani pale hakuwahi kuitazama tamthilia ile hata dakika moja. Huyo ni fundi makochi, mwanamke wa makamo, mfupi, mwepesi wa kuinuka, aliyeitwa Springi tangu utotoni kwa sababu hakujua kukaa mahali pamoja. Ijumaa ikifika, wenzake wakikimbilia kwenye televisheni, yeye alikuwa karakanani kwake akigonga nyundo kwa nguvu kuliko kazi ilivyodai.

Ndipo alipokuwa siku hiyo ya gari jeusi, kapiga magoti mbele ya kiti, mdomo umejaa vimisumari. Ndivyo mafundi makochi wanavyofanya: mkono mmoja unavuta kitambaa, mwingine unashika nyundo, kwa hiyo vimisumari vinakaa mdomoni na ulimi unavitoa kimoja kimoja, kichwa mbele. Wateja wake walishazoea kuuliza swali na kungoja jibu kama wanaongoja mvua.

"Shoga, tema hivyo vyuma tuongee," alisema Kipaza, msusi wa chumba cha jirani, ambaye siri ikiingia sikioni mwake ilitokea sokoni. "Mwenzio amekuja."

Tap, nyundo ikajibu. Tap.

"Kanenepa kidogo. Kapendeza. Nimempa pole ya yule mke wa tatu, kanishika mkono. Siuoshi!"

Springi akatema vimisumari kiganjani. "Kipaza, yule mke wa tatu yuko hai. Juzi umenionyesha picha yake anatangaza mafuta ya kupikia."

"Yuko hai, ndiyo," Kipaza akakubali. "Lakini tulimzika."

Sasa, ukitaka kujua kwa nini nyundo iligonga kidole alasiri ile, ni kwamba Springi na Mgane walikuwa wachumba zamani, kabla ya hizo kamera. Walipendana mapenzi ya kikohozi, yale yasiyofichika. Kisha Mgane akaitwa jiji kuu kujaribiwa uigizaji. Springi alimsindikiza stesheni, akaenda dukani mara moja kumnunulia maji ya safari, na aliporudi treni ilishaanza kusogea. Alikimbia nayo mpaka kiatu kikamvuka, akakiokota, akaendelea kukimbia nacho mkononi. Mchumba wake alikuwa dirishani, anamtazama. Hakupunga mkono. Hakurudi wala hakutuma salamu. Springi baadaye aliolewa na mtu mzuri asiye na kasoro, akaachana naye kwa sababu hiyo hiyo, akarudi kuishi kwa shangazi yake.

Kesho yake Mgane mwenyewe alisimama kwenye mlango wa karakana, kofia mkononi.

"Springi."

"Kumbe watu wa kwenye kioo mna miguu," akasema Springi. Alikuwa amejiandaa usiku kucha kuwa na hasira, na sasa alipoitafuta hakukumbuka alikoiweka.

"Kochi la marehemu mama limezama katikati. Nataka ulitengeneze kabla sijaondoka."

"Lilete."

"Halitoki. Unalijua."

Alilijua. Baba yake Mgane, seremala, alilitengenezea kochi lile sebuleni ili lisilowe mvua, pana kama kitanda cha harusi, na alipomaliza akagundua kwamba halipiti mlangoni. Mkewe alicheka mpaka akalikalia, na humo ndimo alimokaa maisha yake yote. Kwa hiyo fundi ndiye aliyelifuata kochi. Springi akabeba nyundo, sindano ya kupinda, mkebe wa vimisumari na gunia la sufi, akaingia nyumba aliyokuwa hajaikanyaga tangu uchumba.

Sebule ilikuwa vile vile: pazia la maua, kabati la vikombe visivyotumika, saa iliyosimama. Springi akachana kitambaa cha zamani, akafunua gunia la chini, akaanza kufunga springi upya kwa kamba, moja baada ya nyingine. Mgane akavuta kigoda, akakaa anamtazama.

Siku za mwanzo zilikuwa tamu, tusidanganyane. Alimchemshia chai kwa mkono wake, ikawa chungu, wakainywa wakicheka. Alimwigiza yule mwalimu wao wa hesabu aliyekuwa akipiga chafya kabla ya kuchapa. Alimwambia kwamba kule jijini ana nyumba ya ghorofa na hakuna chumba chenye mtu. Siku moja, wakishikilia kitambaa pamoja, vidole vyao viligusana na hakuna aliyeviondoa. Springi alirudi nyumbani anaimba, na Shangazi akaguna: "Mm. Kuku wangu kaanza kuwika."

Lakini kulikuwa na mambo madogo madogo, yale ambayo mtu anayapisha kwa sababu anataka kupendwa.

Mgane hakumtazama kama mtu anavyomtazama mpenzi wake. Alimtazama kama mtu anavyotazama nyumba anayotaka kuinunua. Springi akicheka, alimwambia, "Cheka tena, lakini polepole." Akiondoka, alimwambia, "Usigeuke ukifika mlangoni." Siku nyingine alimwomba avae gauni la njano alilokuwa amelitundika msumarini sebuleni, kama lile alilovaa zamani, na alipolivaa alimzunguka kimya, uso mtupu, kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Ukifa, utataka kuwa unaniangalia au unaangalia dirishani?"

"Mungu apishe mbali! Maswali gani hayo?"

"Utani tu," akasema. Akatabasamu, lakini tabasamu lilichelewa kufika machoni, na lilipofika halikukaa.

Akamwomba ndoa siku hiyo hiyo. Alisema waondoke pamoja likizo ikiisha. Springi akasema aende kwa Shangazi, kwani yeye hana mamlaka ya kujitoa mwenyewe kama kuponi ya bahati nasibu.

Shangazi alikuwa shabiki mkubwa kuliko wote. Mke wa pili alipokufa alikaa chini siku mbili, akakataa kuoga. Mgane alipofika na dereva wake na zawadi zake, bibi yule alimkaribisha kwa heshima zote, akamkalisha, akakunja kanga magotini na kuuliza swali ambalo ni yeye tu duniani angeliuliza.

"Mwanangu, kabla sijakupa mtoto wangu, niambie ukweli. Wake zako watatu waliuawa na nini?"

Kipaza, aliyejialika mwenyewe, akabanwa na kicheko. Springi akaona aibu mpaka masikioni. "Shangazi! Ule ni mchezo!"

"Sijakuuliza wewe."

Wote wakamgeukia Mgane, wakingoja acheke. Hakucheka. Akaweka kikombe chini.

"Wa kwanza ni moto, Shangazi," akasema taratibu. "Wa pili ni maji. Wa tatu sijui. Waliandika haraka."

"Poleni. Na uliwapenda?"

"Ilibidi."

Shangazi alimkazia macho mgeni wake, muda mrefu, akasema amesikia, jibu atalipata siku ya kuondoka. Mgane alipokwisha kutoka, bibi akabaki amekaa vile vile.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona umeniaibisha."

"Amewataja wake zake wote watatu, mmoja mmoja. Mimi nimetokwa na machozi. Huyu Kipaza asiye na haya ametokwa na machozi. Yeye macho makavu kama jiwe la kusagia. Mtu aliyelia mpaka akajengewa ghorofa! Mwanangu, yule mtu ameishiwa. Na mtu aliyeishiwa akirudi kwao ghafla, jiulize amefuata nini."

Springi alimwona shangazi yake amezeeka. Lakini maneno yale yalilala naye kitanda kimoja, na asubuhi yakaamka kabla yake. Akaenda kazini mapema kuliko kawaida, akapitia mlango wa jikoni, na mkono ukiwa kwenye pazia la sebule akasikia sauti ya Mgane, ile sauti nzito ya Ijumaa ambayo alikuwa ameikwepa miaka yote.

"Springi wangu," sauti ilisema. "Alikuwa na kidole gumba kilichochomwachomwa na sindano. Alikuwa akicheka, anaanzia mabegani. Leo ameondoka, na hakugeuka."

Springi akachungulia. Juu ya kochi, juu ya kitambaa kipya, Mgane alikuwa amelaza gauni la njano, mikono imekunjwa kifuani, na kitambaa cha kichwa alichokisahau Springi mahali pa kichwa. Alikuwa amepiga magoti pembeni yake. Alikaza uso, akakunja midomo, akangoja. Hakikutoka kitu. Akajipiga kofi. Akarudia maneno yale yale tangu mwanzo. Akajipiga tena, kwa nguvu. Kisha akainuka, akachukua simu, na kuongea kama mtu wa kawaida kabisa.

"Dairekta, bado. Najua, najua, mke wa nne anazikwa wiki ijayo. Sikiliza: wale watatu wote niliwalilia kwa huyu huyu. Nilikuwa namfikiria anavyokimbia na kile kiatu, basi, maji yanakuja yenyewe. Sasa nimeikamua ile siku mpaka imekauka. Nahitaji mpya." Akasikiliza. "Nikimwacha tena haitoshi, hilo la kumwacha nimeshalitumia. Labda aniache yeye. Au…"

Akalitazama gauni.

"Au basi," akasema. "Nampenda, dairekta. Nampenda kweli, ndiyo maana itafanya kazi."

Springi alirudi nyuma kinyumenyume mpaka uani. Hakumbuki alivyofika nyumbani. Alimweleza Shangazi kila kitu, na Shangazi hakusema nilikwambia, jambo ambalo lilimtisha Springi kuliko yote.

"Usirudi," bibi akasema. "Kochi libaki na matumbo nje."

"Nisiporudi nitakuwa nimemwacha. Atalia, na atakuwa amepata alichotaka."

"Alie, apasuke! Wewe uwe mzima."

"Shangazi, miaka yote hii nimekuwa kisima cha mtu na sikujua. Nchi nzima imekunywa." Sauti ikamtoka nyembamba. "Lakini amesema ananipenda. Alisema akiwa peke yake, hakujua nasikia. Nataka nijue amekuja kunichukua mimi au machozi. Nikishindwa kujua leo, nitaendelea kuifuata ile treni kichwani mpaka nife."

Shangazi akavaa viatu. "Nitakaa barazani pake. Ukipiga kelele nitaingia na mwiko."

Ndiyo ilikuwa siku ya kuondoka. Gari jeusi lilishapakiwa, dereva ndani. Springi aliingia sebuleni, akakuta gauni la njano limerudishwa msumarini, kama vile halikuwahi kufa. Kochi lilikuwa limebaki upande mmoja tu wa kitambaa. Alipiga magoti, akavuta kitambaa, na aliposikia viatu vya Mgane ukumbini alichota vimisumari mkebeni kiganja kizima, bila kuangalia, akavijaza mdomoni mpaka mashavu yakavimba. Mtu mwenye mdomo wa chuma haombwi kusema kwaheri.

"Springi. Dereva anangoja."

Tap.

"Shangazi yako yuko nje, hataki kunijibu. Nijibu wewe. Twende, au niambie siendi. Sema chochote."

Tap. Ulimi ukasukuma kingine. Tap.

Akaja akachuchumaa karibu yake, karibu kiasi cha kunusa sabuni aliyonyolea. Akayaona mashavu yale. Hakuna mtu aliyeielewa hatari ile kuliko yeye: zamani, Springi alipokuwa anajifunza kazi, kijana huyu hakuthubutu hata kumtania akiwa na vyuma mdomoni. Alikuwa anakinga kiganja chini ya kidevu chake kwanza, anasema tema, ndipo anamchekesha. Kwani kwikwi moja, kicheko kimoja, pumzi moja ya ghafla, na msumari unajua njia ya kooni.

Springi akangoja neno hilo moja. Alingoja kwa mwili wote, mgongo ukiwa umemgeukia. Aseme tema, na yote mengine yatazungumzika.

"Nilikuona, unajua," Mgane akasema, kwa sauti ya chini, tamu, iliyopakwa asali. "Ile siku. Treni ilikuwa inakwenda polepole, hata mzee mwenye fimbo angeshuka. Ulikuwa na kiatu mkono mmoja na chupa ya maji mkono mwingine. Ulikuwa unaniita. Ningeweza kushuka, Springi. Nilikuwa nimeshaweka mguu."

Nyundo ikasita hewani.

"Nilibaki kwa sababu sijawahi kuona mtu ananipenda hivyo. Nilitaka nione mpaka mwisho."

Kitu kikapanda kifuani kwa Springi, kizito, cha moto, na kilipofika kooni vimisumari viwili vikateleza nyuma ya ulimi. Akakaza shingo. Macho yakamjaa. Kwenye kioo cha kabati la vikombe aliuona uso wa Mgane nyuma ya bega lake, na aliyoyaona hayakuwa huruma wala hasira. Ulikuwa uso wa mtu anayetazama chungu kinaanza kutokota. Kwenye kona ya jicho la kushoto kitu kilikuwa kinang'aa.

"Ndiyo," Mgane akanong'ona. "Ndivyo hivyo. Lia, mpenzi wangu. Lia."

Basi Springi akajua.

Na alipokwisha kujua, mikono yake ikaja kumsaidia. Kona ya kochi inakunjwa mara mbili, kama bahasha, ncha ndani. Akaikunja. Pumzi kwa pua, taratibu. Kidole gumba kikabana. Ulimi ukavivuta vile viwili mbele, kimoja, na kingine, kichwa kwanza. Tap. Hakuna siku ambayo kona ilipata kukunjwa vizuri namna ile. Tap. Kwenye kioo, ule mng'ao ulisita, ukatafakari, ukakauka ulipokuwa.

Mgane akainuka, magoti yakalia. Nje honi ikapigwa. Viatu vikaenda mpaka mlangoni, vikatoka, mlango ukafungwa.

Lakini havikushuka ngazi. Springi aliviona chini ya mlango, vivuli viwili vyeusi kwenye mwanga wa jua, vimetulia, ncha zimeelekea ndani. Alikuwa anasikiliza.

Kitambaa kilikuwa kimekwisha. Hapakuwa na mahali pa kugonga. Springi akainua nyundo na kugonga ubao mtupu, tap, na tena, tap, kwa mwendo ule ule wa fundi ambaye hana habari na mtu, mpaka mkono ukafa ganzi, mpaka honi ikapigwa mara ya pili na vile vivuli vikajitenga na mlango, kimoja, kisha kingine. Gari likawaka. Aliendelea kugonga hata baada ya kulisikia linakata kona.

Shangazi akaingia na mwiko wake. "Amekwenda. Nimemtazama usoni anapita. Makavu," akasema. Kisha akamwona mwanawe vizuri, akautupa mwiko chini, akapiga magoti mbele yake na kukinga viganja vyote viwili chini ya kidevu chake.

"Tema, mwanangu."

Springi akafungua mdomo. Vikamwagika, vyeusi, vimelowa, na vingine akavitoa kwa kidole pembeni ya ufizi.

"Vyote?"

Hakujua. Alijaza bila kuangalia, akagongea ambavyo hakuvihesabu. Kooni, chini kidogo ya mahali ambapo mtu humezea mate, kulikuwa na kitu kimekwama. Kingeweza kuwa chuma. Kingeweza kuwa kile alichokikatalia asubuhi nzima, ambacho sasa, nyumba ikiwa tupu, kilikuwa kinapanda chenyewe. Midomo ikaanza kumtetemeka.

"Hapana," Shangazi akasema upesi, akamshika mashavu mawili kama anavyoshikwa mtoto. "Hapana, mama. Niangalie mimi. Pumua kwa pua. Lia kesho, lia mwaka mzima, nitakusaidia. Leo usilie."